Kiti cha Katikati

Nyabol alimkalisha mgeni kwenye kiti cha marehemu baba yake, katikati kabisa ya Jok na Majur, ndugu za marehemu. Tangu mazishi hakuna aliyekikalia.

"Kuna mtu nataka mumwone," ndiyo yote aliyosema binti huyu walipotoka kanisani. Mwanamume, suti iliyopigwa pasi, jasho linamtiririka: Jok hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Roho ilimuuma. Alishatamka, na mtaa mzima wa Jebel ulisikia, kwamba binti wa ndugu yake haolewi na mtu wa nje. Lakini Adut, dada yake Nyabol, aliambiwa maneno hayohayo, akatorokea Kampala na mwanamume wake. Mpaka leo hapigi simu. Jok hakuwa na nguvu za kumpoteza wa pili.

"Kijana, unafanya kazi gani?"

"Nafundisha fizikia chuoni pamoja na Nyabol, mzee. Naitwa Kiprono, natoka Kericho."

"Fizikia ya nini?"

Kiprono akapangusa paji la uso. "Tunachukua atomi moja ngeni, tunaipandikiza ndani ya metali, pale ambapo angekaa mwenyeji. Majirani wakiivuta sawasawa pande zote, inatulia. Wakiivuta zaidi upande mmoja, kiini chake kinayumba. Tukipima kule kuyumba, tunajua nani anavuta wapi, na kwa nguvu gani."

"Na hiyo ngeni inapata nini?" Majur aliuliza.

"Haipati kitu, mzee. Si yenyewe tunayoichunguza."

Nyabol alitazama dirishani. Nje, Waiswa, Mganda wa bodaboda anayempeleka chuoni kila asubuhi, alikuwa akipangusa pikipiki iliyokwisha kung'aa. Leo alivaa tai. Siku hizi bodaboda wa Juba wana mambo, Jok aliwaza.

Majur alivutia kwake: kura ya maoni ya uhuru wetu ni mwakani, watu watasema nini tukiwapa wageni mabinti? Jok naye akavutia kwake: je, kijana anajua ng'ombe? Kiprono amekua akikamua. Kanisa je? Anaimba kwaya.

"Kwes," Majur alikubali kwa kunung'unika, "hapo ni vizuri."

Katikati yao, kikombe cha Kiprono kilikuwa kikigonga kisahani.

Mwishowe walimwomba mgeni atoke kidogo. Wakanong'ona, wakabishana. Jok akamshika Nyabol mkono.

"Kwa ajili ya Adut, tumekubali. Awe mtu wa nje, awe hana hata ndama mmoja. Mungu ni shahidi, hatutarudi nyuma."

"Amina," Majur akaitikia.

Machozi yalimlengalenga Nyabol. "Asanteni, baba zangu. Kiprono ana mke na watoto kwao Kericho."

Akafungua mlango.

"Waiswa, ingia. Wamekubali."