Nesi wa Nguo za Pasi

Miguu ya Nereida ilikuwa bado imekufa ganzi kwa sindano ya upasuaji wakati yule nesi alipoingia.

Mvua ya mchana ilikuwa ikipiga madirisha, na wodi ya wazazi karibu yote ilikuwa imepitiwa na usingizi. Waliokuwa macho ni Nereida na Bibi Eduviges, aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake kitanda cha pili.

Nesi alivaa gauni jeupe la kizamani, limetiwa wanga na kupigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Kichwani alikuwa na kofia ndogo ambayo manesi wa siku hizi hawaivai tena. Alipita taratibu kati ya vitanda, viatu vyake vikiacha unyevu sakafuni.

Bibi Eduviges alimshika Nereida mkono. "Mama yangu! Ndiye," alinong'ona. "Planchada."

Nani Mexico asiyemjua Planchada, yule wa nguo za pasi? Nesi aliyekufa na majuto ya kumpuuza mgonjwa, akabaki kuzunguka mahospitalini akiwauguza waliokatiwa tamaa. Akikugusa, unaamka mzima.

Mtoto wa Nereida alikuwa wa manjano, hana nguvu hata ya kunyonya. Tangu asubuhi mama yake alikuwa akiita, na jibu ni lile lile: "Subiri mama, tuko wawili tu." Abundio, mumewe, alikuwa nje getini, hakuruhusiwa kuingia kabla ya saa ya kuona wagonjwa, na mwanawe hajamtia machoni.

"Wa kiume?" nesi aliuliza.

"Wa kiume. Hanyonyi, sista."

Nesi aliinama akamtazama mtoto, akamtazama, mpaka machozi yakamlenga. "Mzuri huyu. Ngoja nikamwangalie. Wewe lala mama, umechoka."

Mikono ya Nereida ilikaza yenyewe. Alijaribu kuinuka, kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna kilichosogea.

"Mpe, binti!" Bibi Eduviges alimkemea kwa sauti ya chini. "Bahati imekujia mpaka kitandani, unaifukuza? Binamu yangu alimkatalia, Jumapili ile ile akamzika mumewe. Na maswali mengi usimuulize, atatoweka."

Nereida alimbusu mtoto, akamfunika vizuri, akamwachia.

"Asante, sista. Mungu akupumzishe kwa amani."

Nesi alishtuka kidogo. Kisha akageuka, akatoka haraka. Wanawake wale wawili walifanya ishara ya msalaba, na kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, Nereida alipata usingizi.

Aliyemwamsha ni Abundio. Amelowa chapachapa, anacheka, macho yanatafuta huku na huku.

"Yuko wapi dume langu?"

"Yuko na Planchada." Nereida alitabasamu. "Atapona, Abundio. Nimemwona kwa macho yangu haya, na gauni lake jeupe, na kofia yake. Alimpakata kama wake."

Kicheko kilimkauka Abundio. Alishika chuma cha kitanda.

"Jeupe, la pasi?" aliuliza polepole. "Huyo nimemsimamishia teksi mimi mwenyewe, Nereida. Nilimwonea huruma, mvua ile na mtoto mikononi. Nikamfungulia na mlango."