Waya wa Masufuria

Mwenye gari alirudi uani na kopo la nta na kitambaa laini, akamkuta mama mkwe ameinamia boneti ya gari jipya. Mkononi alishika waya wa kusugulia masufuria.

Rangi nyeusi, ambayo mwenye gari hata vumbi lake alilipuliza tu kwa pumzi, ilikuwa imejaa miduara, mmoja ndani ya mwingine, kama tako la sufuria.

Mkewe, aliyesimama mlangoni, akaziba mdomo kwa kiganja.

Tangu harusi, mama mkwe alimwita mkwewe "huyo" tu. Huyo amekula? Huyo anarudi saa ngapi?

Sasa akajinyoosha, mkono kiunoni, povu likimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Mwanangu, njoo uone. Uchafu wa dukani ulikuwa umeganda, lakini nimeukomesha."

Mwenye gari akapitisha mkono juu ya boneti, taratibu. Vidole vikahisi mikwaruzo.

"Milango sijaigusa," mama mkwe alisema. "Mgongo umekataa."

Mwenye gari akalifunika kopo la nta, akaliweka chini, akakunja mikono ya shati.

"Kaa kivulini, mama. Nipe huo waya, nimalizie."