Mwavuli wa Meneja

"Chai inageuka njano kwa uvivu wenu!" Meneja mpya alitufokea sisi wachumaji, akitunyooshea mwavuli wake kama anayefukuza mbuzi.

Uvivu! Miaka kumi na saba tulibeba vikapu mgongoni hadi kwenye mzani, na chai ikastawi. Serikali ilipouza shamba, mwekezaji akaleta trekta na tela. Mvua ya Tukuyu haikati, nalo trekta likapita kila siku katikati ya mistari ya chai, likiushindilia udongo uliolowa.

Nilimwendea. "Niazime mwavuli, Meneja."

Nadhani alishangaa, maana aliuachia.

Nilichomeka ncha yake kule kwenye mwinuko, ambako trekta halifiki. Ikazama yote, kama kisu kwenye ndizi mbivu.

Nikauchomoa, nikaja mbele ya viatu vyake, penye njia ya matairi, nikaukandamiza kwa uzito wangu wote. Ncha ya chuma ilipinda. Udongo haukuchimbika hata kina cha ukucha; mizizi ya chai ingepita wapi?

Nikakunja magoti kama tulivyolelewa, nikamrudishia kwa mikono miwili.

"Ndaga, asante, Meneja. Na huu mwavuli wako, nao ni mvivu?"