Toleo Lisilo na Sauti

"Bado kimya," kaka akasema kwenye simu.

Dada yake, fundi wa tovuti, akauma mdomo. Ukurasa aliomtengenezea ulikuwa na kitufe kimoja tu, na nyuma ya kitufe hicho kulikuwa na radhi ya mama yao. Kaka hakuja kumzika baba, na mama akaapa hatamsemesha tena. Maradhi yalipomlemea ndipo alipokubali kuirekodi radhi hiyo, baada ya kubembelezwa sana. Alimtoa binti yake chumbani, akamtaka afunge mlango. Sasa mama naye yuko kaburini, na mwanawe huko ugenini hali wala halali.

"Mfumo wa kompyuta yako ni toleo gani?"

Kaka akamsomea. Dada akacheka kwa uchungu. Kumbe ni lile toleo linalouzwa bila vikorokoro vya kuchezea sauti na filamu! Akaandika msimbo wa kukiuliza kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa: aina hii ya sauti unaiweza? Vivinjari havisemi ndiyo hata siku moja. Hujibu "huenda" au "labda", kama mjomba aliyeitwa kulima, na visipoweza hunyamaza. Cha kaka kilinyamaza.

"Unaona? Mama hana kosa. Ni mashine yako hiyo."

Kaka akapakua kifurushi cha sauti kilichokosekana. Kivinjari kikajibu "huenda". Dada akamtumia sauti yake mwenyewe ya majaribio.

"Nakusikia!" Kaka alikuwa analia na kucheka. "Sasa niwekee mama."

Dada akamwekea.

"Mstari unatembea, lakini kimya."

"Izime, tujaribu aina nyingine."

Akaligeuza faili la mama, akaligeuza tena. Yeye mwenyewe hakuwahi kulisikiliza. Radhi ni ya mtu na mzazi wake, na kuidukua ni utovu wa adabu. Kila mara kaka alingoja kidogo, akazima.

"Dada, sikiliza wewe," kaka akasema mwishowe. "Nimekuruhusu."

Dada akavaa hedifoni, akapandisha sauti hadi mwisho, akabonyeza. Kitanda kililia kidogo. Kisha zikasikika pumzi za mama, hafifu, moja baada ya nyingine, dakika baada ya dakika. Hakukuwa na kingine. Dada hakuzima.

"Anasemaje?" kaka akauliza.

Mwishoni kabisa mama alikohoa, akamwita binti yake kwa sauti iliyotulia: "Njoo uzime, mwanangu. Nimeshamwambia yote."