Alama ya X

Leota alishusha kidole kwenye orodha, jina baada ya jina, huku karani akitupia macho saa ya ukutani. Ofisi ilifungwa saa kumi, na leo ilikuwa siku ya mwisho: asiyeonyesha mzee wa ukoo wake katika daftari hili la kale la Wacherokee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, ombi lake la kutambuliwa kuwa mmoja wao lingetupwa.

Tangu utotoni alisimuliwa kwa majivuno jinsi baba wa babu yake, Eli, alivyokimbilia milimani waandikishaji walipokuja kuorodhesha watu ili ardhi yao igawanywe. "Siandikwi kama ng'ombe," alisema. Sasa kitukuu wake alikuwa akimwomba Mungu Eli awe aliandikwa.

"Huyu hapa," karani alisema. "Hakufika mwenyewe. Jina lilitolewa na mkewe, Nansi."

Leota aliinamia ukurasa. Huyo Nansi yeye alimjua kwa pengo tu, ule upande wa picha ya familia uliokatwa kwa mkasi. Walisema Eli alimfukuza kwa usaliti. Usaliti gani, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Chini ya ukurasa palikuwa na alama ya X, saini ya Nansi asiyejua kuandika, iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

Karani akavuta fomu. "Dakika mbili, mama. Niandike ukoo wako unaupata kupitia kwa nani? Kwa mzee Eli?"

Kidole cha Leota kilikuwa bado juu ya kile kitundu.

"Kwa Nansi," akasema, na sauti yake ikamshtua mwenyewe. Kwao jina hilo halikutamkwa hata siku ya kumzika.