Vioo vya Marehemu Katekista

Maski ya kuzamia ilitupwa juu ya meza ya Gracieuse sokoni, katikati ya miwani ya wazee wa mtaa wa Mudzipela. Aliinua macho. Mbele yake alisimama kamanda mwenye redio kiunoni, na nyuma ya kamanda mwanaume mwembamba, mikono imefungwa kamba kwa mbele.

"Ni weye unatengenezaka miwani?"

"Alikuwa baba, chef. Miye nilibakia tu na meza."

"Basi meza itatusaidia. Huyu Fiacre anazamiaka kwa mashua za kuchota dhahabu chini ya maji. Mupira ya hewa kwa kinywa, anakaa chini sawa samaki. Mutumbwi yangu ilizama kule ziwani Tchomia na masanduku. Nimemushusha mara mbili, mara mbili anapanda mikono mitupu. Ati macho yake haionake mbali."

"Naonaka ukungu tu, chef," Fiacre alisema.

"Mara ya tatu ukipanda bure, utarudi chini bila mupira."

Gracieuse hakuuliza masanduku yalibeba nini. Bunia ya mwaka ule wa vita, maharage hayakuhitaji kamanda. Mama yake alikuwa amefika kutoka Djugu na sufuria moja, na si watoto wake wote. Waliochoma nyumba yao walipata silaha kupitia ziwa lilelile. Kumpa mtu huyu macho ni kumpa kamanda bunduki. Kumnyima ni kumzika majini. Aliifuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

Kisha alitundika kadi ya baba yake, ile yenye herufi moja tu, E ya miguu mitatu, iliyogeuzwa juu, chini na pembeni, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Aligusa ile kubwa kuliko zote.

"Miguu yake inaangalia wapi?"

Fiacre alikunja uso, akaelekeza juu. Miguu ilikuwa chini.

"Ona sasa," kamanda alisema. "Kipofu na anakula pesa ya kuzamia. Mupe miwani, aivae ndani ya maski, tuende."

"Mikono ya miwani itainua mupira ya maski, chef. Maji itaingia." Gracieuse aliiambia meza badala ya kamanda. "Inafaa kutoa vioo, kuvibandika ndani."

Alichukua miwani ya kwanza, akaanza kuifungua. Skrubu yake, ndogo kama punje ya ulezi, iliruka ikapotea vumbini. Wakati huohuo redio ililia na kamanda akageuka kuijibu. Gracieuse alikuwa bado anapapasa chini ya meza Fiacre alipoinama, akaokota ile skrubu kwa ncha ya kidole, akaiweka kiganjani mwa Gracieuse.

Walitazamana. Gracieuse akafunga kiganja.

Kamanda alipowageukia tena, ile miwani ya kwanza ilikuwa imerudishwa mahali pake. Gracieuse alikuwa anachimba ndani ya kopo la vioo vya zamani. Alitoa viwili vinene kama kitako cha chupa. Vilikuwa vya marehemu katekista, mtu aliyekuwa akisalimia nguzo za nyumba na kuziuliza habari za watoto.

Mezani kulikuwa na gundi ya tyubu, na kando yake kibakuli cha uji mzito wa muhogo wa kubandikia karatasi. Alichovya kijiti kwenye uji, akapaka ukingo wa kila kioo, akavibandika ndani ya maski, akaviacha juani vikauke.

"Gundi yako hainukake," kamanda alisema.

"Ile ya kunuka inaumaka macho, chef."

Vilipokauka, kamanda aliinua maski, akaivaa mwenyewe. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, akajigonga kwenye meza ya jirani. Wauza nyanya walicheka, kisha wakakumbuka ni nani, wakanyamaza.

"Miye naona maziwa tu!"

"Macho yako ni mazima, chef. Hii ni ya mugonjwa."

Kamanda aliivua, akamtazama Fiacre kwa mara ya kwanza kwa huruma kidogo. "Kumbe kweli ulikuwa kipofu. Vaa."

Fiacre aliivaa. Aligeuza kichwa polepole huku na huku, hata Gracieuse akashika ukingo wa meza.

"Ah," alisema. "Sasa naona hata kipele kwa pua yako, chef."

Kamanda aligusa pua, akacheka.

"Ukifika chini," Gracieuse alimwambia Fiacre, na sauti yake ilitoka kama ya mtoto, "ingiza maji kidogo ndani, uoshe vioo. Usisahau."

"Sitasahau, dada."

Waliondoka. Tangu siku ile Gracieuse hakula vizuri. Kila gari la samaki lilipofika kutoka Tchomia, alisogea karibu kusikiliza, na hakuthubutu kuuliza. Hatimaye wauza samaki walileta habari wenyewe: muzamiaji alipanda tena mikono mitupu. Kamanda alisema kama mwenye vioo vile hakuona kitu, basi ziwa limekula mali yake. Alimfungua Fiacre kamba, akaenda zake na watu wake upande wa Mahagi.

Jioni moja jua likiwa linazama, Gracieuse alikuwa anashona mfuko wa miwani. Uzi ulimkataa mara kwa mara. Mkono ukanyooshwa mbele yake, ukachukua sindano, ukapitisha uzi mara moja, ukamrudishia.

Fiacre aliweka mezani vioo viwili vya katekista, vikiwa bado na utando mweupe wa muhogo pembeni.

"Viliachia palepale," alisema. "Nikavishindilia tena mbele ya kupanda."

"Na masanduku?"

Fiacre alitazama barabara, akainama karibu.

"Yalikuwa nne, dada. Moja nilisukuma kwa kilindi mara ya kwanza, moja mara ya pili. Yalibakia mbili tu, nazo nilisukuma mara ya tatu."