Unga Uko Wapi

Derrick alikuwa amesimama mbele kabisa ya jukwaa, ndani ya ukumbi mmoja wa Mashimoni, Kibera, akimsubiri kaka yake ambaye hakuwahi kuonana naye.

Sababu ilikuwa rahisi: kaka huyo alikuwa wa uongo. Derrick alimbuni bwenini muhula uliopita, baada ya mlo wa githeri, wenzake walipokuwa wakibishana kuhusu Mwana wa Mtu, rapa ambaye redio hazimchezi lakini kila bweni linamjua. Derrick alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na umaarufu, kwamba huyo ni kaka yake.

Mahakama Kuu ya Bweni iliketi papo hapo. Hakimu, akiwa amejitanda blanketi, aliamuru mshtakiwa alete video ya kaka akikiri undugu kabla shule haijafunguliwa. La sivyo, angefua soksi za bweni zima, na angeitwa Shahidi wa Uongo hadi amalize Kidato cha Nne. Soksi angezivumilia. Jina hapana. Majina ya bweni humfuata mtu hadi harusini kwake.

Ndiyo maana likizo ilimkuta Kawangware, kwa mama mdogo Nasipwondi, mpangaji wa Gatina, mtaa wa huko huko. Mama mdogo aliambiwa kwamba Jumamosi hiyo kulikuwa na mkutano wa vijana, na kweli vijana walikuwepo. Nyumbani Shinyalu asingethubutu. Baba yake, mzee wa kanisa na mwalimu wa kwaya, aliwahi kuusikia wimbo wa Mwana wa Mtu mara moja tu; akaizima simu ya Derrick, akakaa nayo wiki nzima. Alisema hizo ni kelele za watoto waliokosa adabu. Derrick alimsamehe. Watu wa kwaya hawaelewi mdundo.

Mwana wa Mtu akapanda jukwaani. Alikuwa mwembamba, viatu vyake vimechoka kuliko sauti yake. Hakusalimia mtu. Alianza na wimbo ambao wote waliujua: baba anatoka kwenda kununua unga, mama anainjika maji ya ugali. Maji yanachemka, yanakauka, yanaongezwa. Mtoto anaacha shule. Maji bado yako motoni.

"Unga uko wapi?" rapa akauliza.

"Uko kwa bibi mwingine," ukumbi ukanguruma.

Derrick aliwashinda wote. Alimwita yule baba wa kwenye wimbo mbwa, mwizi, na majina mengine ambayo hayamo kwenye silabasi. Msichana aliyekuwa kando yake, jasho likimtiririka, alimgongea ngumi kwa heshima.

Onyesho lilipokwisha, Derrick alimkuta rapa nje, ameketi juu ya ndoo karibu na kibanda cha maji, kikombe mkononi. Akamweleza yote: uongo, mahakama, soksi.

Rapa alicheka hadi akakohoa. "Wasee wa boarding, mko na shida zenu," alisema. "Haya, leta simu. Unaitwa nani, nikutaje poa?"

"Derrick Shivachi. Wa Shinyalu."

Kicheko kikakatika. Rapa aliuliza kama mzee wake ndiye yule wa kwaya. Derrick akasema ndiye, akashangaa kwamba sifa za kwaya zimefika Kibera. Akaulizwa yuko kidato gani; akajibu, cha tatu. Na karo hulipwa na nani? Baba, Derrick alisema, tena hajawahi kuchelewa hata muhula mmoja. Huipeleka mwenyewe, akiwa amevaa tai.

Rapa aliyatazama maji yaliyobaki kikombeni, akayamwaga chini. Kisha akamshika Derrick begani, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, akaikazia macho kamera ya simu.

"Wasee, huyu ni ndugu yangu. Baba yetu ni mmoja."

Hakutabasamu wala kupepesa macho. Derrick, aliyejihesabu miongoni mwa waongo wakubwa wa shule za bweni nchini, alikiri moyoni kwamba leo amekutana na bingwa. Akashukuru, akaifungua video ili aitume kwenye kundi la bweni.

Rapa akaifunika simu kwa kiganja.

"Ngoja. Mwonyeshe mzee kwanza," alisema. "Halafu uniambie, bado hupiga mluzi akinyoa ndevu?"

Derrick akairudisha simu mfukoni. Kila asubuhi, tangu darasa la kwanza hadi alipokwenda bweni, mluzi huo ndio uliomwamsha kwenda shule.